Mashine Ikitoa Amri, Nani Atajibu?

Hadithi za mashine zenye akili zinazowatawala wanadamu zina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Ziliandikwa Prague na London, zikageuzwa filamu Hollywood, na filamu hizo zimetazamwa na watu wa kila nchi. Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa Novemba 2022, hadithi hizo zimeacha kuonekana mchezo. Mawaziri wanazitaja, wahubiri wanazitaja, na vijana wa sekondari wanabishana juu yake. Swali linalorudi kila mara ni moja: je, akili mnemba itakuja kututawala?

Makala haya yanalitazama swali hilo kutoka Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wapo watakaosema huko hakuna la kuulizwa, kwa sababu umeme ni wa shida, mtandao unakatika na barabara zinafungwa na matope mvua ikianza. Mimi naona kinyume chake. Watu wa kusini mwa Maniema wameishi zaidi ya karne moja chini ya mamlaka zilizokaa mbali na kuamua wao watapanda nini, watauza kwa nani, watatoka lini kijijini, na jasho lao lina bei gani. Kwa hiyo wanalijua jambo ambalo hadithi nyingi za mashine hulipita haraka. Ili kumtawala mtu kutoka mbali, akili nyingi si lazima. Vinatosha vitu vitatu: daftari lenye jina lake, kizuizi ambacho hana budi kukipita, na kukosekana kwa mtu wa kumjibu anapolalamika. Hicho cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote, na ndicho akili mnemba inachoweza kukikuza kupita kiasi tulichowahi kukiona.

Hadithi zenyewe zinasema nini

Hadithi za aina hii zina mikondo mitatu. Wa kwanza ni wa mashine inayoasi. Mwaka 1920 Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha tamthilia ya R.U.R., ambamo vibarua waliotengenezwa kiwandani wanawageukia waliowatengeneza na kuwamaliza. Mwaka 1966 Mwingereza D. F. Jones aliandika riwaya ya Colossus. Humo Marekani inaikabidhi kompyuta silaha zake za nyuklia, kompyuta hiyo inaungana na ile ya Urusi ya Kisovieti, na tangu hapo binadamu wanabaki kupokea amri. Mwaka 1984 filamu ya The Terminator ililisambaza wazo hilo duniani kote. Katika mkondo huu hofu huanza saa ile mashine inapoacha kumtii mwenyewe. Kabla ya saa hiyo, msomaji anaachwa aamini kwamba mambo yalikuwa salama.

Mkondo wa pili hauhitaji uasi wowote. Mwaka 1909 E. M. Forster alichapisha hadithi fupi, The Machine Stops. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, na Mashine inawapa chakula, hewa, muziki na namna ya kuonana kwa mbali. Mashine hiyo haimchukii mtu. Siku moja muziki unaanza kukwaruza, na watu wanapeleka malalamiko kwenye kamati ya ukarabati. Wanaambiwa wasubiri. Mwishowe inagundulika kwamba chombo chenyewe cha kukarabati nacho kimeharibika, na hakuna mtu hata mmoja anayeielewa Mashine nzima. Wanakufa nayo. Forster aliona mapema kwamba hatari kubwa iko pale watu wanapobaki na pa kupeleka malalamiko, lakini hawana wa kuyasikia.

Mkondo wa tatu ni wa kwetu, na bado ni mwembamba. Filamu fupi ya Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka 2009, inaonyesha jamii ya Afrika Mashariki iliyojifungia ndani ya kuta baada ya vita vya maji. Mhusika mkuu, Asha, anapoota mti, kompyuta inamwamuru ameze dawa za kuzuia ndoto. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa na wakubwa wanaozungumza naye kupitia skrini, kisha anapelekwa kuzalisha umeme kwa nguvu za mwili wake. Mwaka 2021 ilitoka Neptune Frost ya Anisia Uzeyman na Saul Williams, filamu inayosemwa kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Mashujaa wake ni wachimbaji wa koltani na wadukuzi waliojenga makazi yao kwa mabaki ya kompyuta. In Koli Jean Bofane, katika riwaya yake ya Congo Inc. ya 2014, anamchora kijana wa msituni anayecheza mchezo wa kompyuta ambamo makampuni yenye silaha yanagombea madini, kisha anaondoka kwenda Kinshasa kuucheza mchezo huo katika maisha. Na kabla yao wote, Katama Mkangi, katika Walenisi ya 1995, alimtia mhukumiwa wake Dzombo ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kummaliza, kikamfikisha kwenye jamii ya watu walio sawa.

Waandishi hawa wa kwetu hawakuogopa mashine itakayomkana bwana wake. Waliiogopa ile inayomtii bwana wake sawasawa, huku bwana huyo akiwa mbali, hana sura na hafikiki. Ukiuliza kwa nini, jibu limo katika historia.

Daftari lilitangulia kompyuta

Katika miaka ya 1870 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip. Biashara yake ya pembe na watumwa iliumiza watu wengi, na hakuna sababu ya kuipamba. Hata hivyo dhuluma ile ilikuwa na jina na nyumba, na aliyeonewa alijua nani amemwonea. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na kamanda Dhanis, yaliingia Kasongo, na utawala wa namna nyingine ukaanza. Mmiliki wa nchi nzima, mfalme Leopold II wa Ubelgiji, hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Amri ziliandikwa Brussels, zikasafiri kwa meli, zikapita kwa makamishna, zikamfikia mwanakijiji zikiwa kiasi cha kutoa na adhabu ya kutotoa. Watu waliuita utawala huo Bula Matari, mvunja mawe, jina lililotangulia kuwa la mvumbuzi Stanley na likaja kuwa la serikali yenyewe. Mtu mmoja alikufa, jina likabaki kwenye mfumo.

Mfano ulio wazi zaidi ni pamba. Mwaka 1917, chini ya mkurugenzi wa kilimo Edmond Leplae, koloni la Ubelgiji liliweka sheria ya kilimo cha lazima, na Maniema ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza ya pamba. Sheria ilidai hadi siku 60 za kazi kwa mwaka. Vijiji vilihesabiwa kwa kipimo cha wanaume wazima wenye afya, na kutokana na hesabu hiyo kila kijiji kilipangiwa ukubwa wa shamba. Makampuni yaligawiwa maeneo, na mkulima wa eneo moja hakuruhusiwa kuuza kwa kampuni nyingine. Bei ilipangwa bila yeye. Kutoka kwenye eneo lake kwa muda mrefu kulihitaji kibali. Aliyeshindwa kulima alingojewa na faini, kifungo na kiboko.

Vitu vitatu nilivyovitaja vyote vilikuwepo hapo. Daftari lilikuwa orodha ya wanaume wazima. Kizuizi kilikuwa soko la mnunuzi mmoja na kibali cha kusafiri. Na malalamiko hayakuwa na pa kwenda: mkulima wa Kasongo aliyeona kwamba pamba inamla muda wa mpunga na muhogo wake angemweleza nani? Msimamizi wa kilimo alitekeleza hesabu ya wilaya, wilaya ilitekeleza hesabu ya koloni, na koloni lilitekeleza mahitaji ya viwanda vya nguo vya Ubelgiji. Kila mmoja alikuwa sehemu ya mtambo, na kila mmoja aliweza kusema kwa ukweli kwamba si yeye aliyeamua.

Ndiyo sababu nasema hadithi za mashine inayotawala hazituelezi sisi mambo ya kesho tu. Zina jambo la jana ndani yake, na aliyeliishi jambo la jana ana haki ya kusema neno juu ya kesho.

Lebo kwenye gunia

Uhusiano wa Maniema na kompyuta umo pia ardhini. Bati la kasiteriti ndilo linalotumika kulehemu vipande vya vifaa vya elektroniki, na karibu nusu ya bati lote duniani huishia kwenye kazi hiyo. Koltani hutoa tantali inayowekwa ndani ya simu na kompyuta, na Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa madini hayo. Mashine zinazofundishwa akili huko ng'ambo zimeshikiliwa pamoja na metali ambazo mchimbaji wa Maniema huzitoa kwa sururu na beleshi.

Mchimbaji huyo amekwisha kuonja maana ya maisha kuendeshwa na mfumo wa mbali. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama madini yao yametoka kwenye maeneo ya vita ya Kongo na majirani zake. Mwezi Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Maniema iliingizwa kwenye fungu moja na maeneo yaliyokuwa yakiwaka moto, na machimbo yaliyokuwa na amani yakafungwa pamoja na yale ya wenye bunduki. Nia ya sheria ilikuwa njema: damu isiingie kwenye simu. Lakini aliyelipa gharama kwanza ni baba wa familia aliyekosa ada ya shule, na hakuna ofisi ya kusini mwa Maniema ambayo angeweza kuingia akaiambia, "Chimbo letu halina vita, njooni mtazame."

Baadaye ulikuja mfumo wa lebo wa ITSCI. Gunia linafungwa lebo yenye namba, wakala wa serikali anaandika uzito, tarehe na chimbo, likifika kwa negosia, yaani mnunuzi wa kati, linafungwa lebo nyingine, na taarifa zinakusanywa kwenye hifadhidata. Gunia lisilo na lebo halina bei halali. Mfumo huu ulifungua tena milango ya masoko ya kimataifa, na hilo ni jema la kweli. Lakini ulifanya pia lebo iwe na thamani kuliko ukweli inaoueleza. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyodai kwamba lebo zilikuwa zikitumika kusafisha madini ya magendo na ya maeneo yenye vita. Hapo lipo somo la kwanza kwa wanaotuahidi kwamba kompyuta itaondoa ufisadi. Ukimwondoa mla rushwa kwenye bariere, yaani kizuizi cha barabarani, rushwa inahamia pale namba inapoandikwa, na kuanzia hapo mfumo mzima unauamini uongo ule kwa moyo mmoja.

Namoya, karibu na Salamabila katika teritori ya Kabambare, inatupa somo la pili. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara wa dhahabu huko mwaka 2016. Ramani ya haki za uchimbaji ilikuwa sahihi kwenye karatasi za Kinshasa. Ardhini kulikuwa na wachimbaji wa mikono waliohesabu vilima vile kuwa riziki yao, na ugomvi uliofuata, pamoja na mashambulizi ya wenye silaha, ulimwaga damu na kuivuruga kazi ya kampuni yenyewe. Mfumo usiomwona mtu haumwondoi mahali alipo. Unamwacha palepale akiwa na hasira.

Kwenye simu na kwenye kadi

Tuje kwenye mifumo ya kompyuta yenyewe. Mwezi Septemba 2020 Kongo ilianzisha daftari la simu za mkononi lililojulikana kama RAM. Kila simu ilitambuliwa kwa namba yake, na ada ikakatwa moja kwa moja kwenye salio: dola 1 kwa mwaka kwa simu za kizazi cha pili, dola 7 kwa zile za kizazi cha tatu na cha nne. Hakuna aliyebisha hodi. Mtu aliweka yuniti, akakuta zimepungua. Aliyempigia simu mtoto wake Kindu na aliyeuliza bei ya mafuta ya mawese walikatwa sawasawa, bila stakabadhi na bila ofisi ya kurudisha fedha.

Kama ingekuwa filamu, RAM ingekuwa utangulizi wake: mashine inaingia mfukoni mwa kila raia na kuchukua. Lakini mambo yalikwenda njia nyingine. Watu walipiga kelele, vijana wa harakati kama LUCHA waliandamana, wabunge walimhoji waziri wa posta na mawasiliano mbele ya nchi nzima, na mwanzoni mwa 2022 makato hayo yakaondolewa. Kilichoishinda RAM si ujuzi wa kompyuta. Iliangushwa kwa sababu nyuma yake palionekana waziri mwenye jina, aliyelazimika kusimama na kujibu. Ukiniuliza ushahidi wa hoja ya makala haya uko wapi, nitakuonyesha hapo.

Mwaka 2018 ulikuwa umetuonyesha upande wa pili. Kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huo, tume ya uchaguzi, CENI, ilileta mashine za kupigia kura zilizotengenezwa na kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Wapinzani walizibatiza mashine za kuiba. Mashine zenyewe zilikuwa skrini na printa, hazina akili yoyote ya ajabu. Kilichowaumiza watu ni kwamba Kanisa Katoliki lilikuwa na maelfu ya waangalizi vituoni, matokeo yakapingwa, na CENI haikuchapisha hesabu ya kila kituo ili wananchi walinganishe. Shaka iliyobaki haikutoka kwenye chuma. Ilitoka kwa walioshika hesabu na wasizitoe.

Halafu kuna suala la kadi. Kongo haijafanya hesabu ya watu tangu 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia wa kawaida. Kadi zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa 2023 zilileta malalamiko kila mahali, kwa kuwa picha na maandishi yalifutika baada ya muda mfupi. Fikiria mkulima wa Kabambare anayefika kwenye bariere na kadi nyeupe. Yeye yupo, mwili wake upo, ukoo wake unajulikana kwa chifu na kwa sheikh. Ila kile kinachotakiwa kimsemee kimenyamaza. Kwetu, tishio la mashine lina sura hii pia: kutoonekana kunaweza kumdhuru mtu kama kuonekana kupita kiasi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Majirani na walio mbali

Yaliyotokea Kenya yanaonyesha jambo hili linavyoweza kukua. Katika kaunti za kaskazini-mashariki kama Garissa, familia za Wakenya zilizobanwa na ukame zilijiandikisha kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab ili zipate chakula na matibabu. Alama za vidole za watoto wao zikaingia kwenye hifadhidata ya wakimbizi. Miaka ikapita, watoto wakafikisha miaka 18, wakaomba kitambulisho cha taifa, na mfumo ukajibu kwamba wao ni wakimbizi. Wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Mama anasimama mbele ya afisa na kuapa kuwa huyu ni mwanawe aliyezaliwa Kenya, lakini kidole cha mtoto kimekwisha kumkana. Bila kitambulisho hakuna kazi rasmi, hakuna laini ya simu, hakuna chuo. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyewahi kubuni adhabu yenye ukatili wa kimyakimya kama huo kwa kosa la kuwa na njaa utotoni.

Nairobi pia ndiko wanakofanya kazi watu walio nyuma ya mashine. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba wafanyakazi wa Kenya chini ya kampuni ya Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili ChatGPT ifundishwe kuyakataa. Waliosafisha mitandao ya kampuni ya Meta nao walikwenda mahakamani wakidai malipo ya haki na matibabu ya akili. Utetezi wa kwanza wa Meta ulikuwa huu: kampuni hiyo si ya Kenya, kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya kazi ilikataa hoja hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Rufaa ikashikilia msimamo huohuo Septemba 2024. Kabla ya kubishana juu ya mshahara, ilibidi wabishane kwanza kama yupo mtu wa kujibu.

Wala nchi tajiri hazikuepuka. Posta ya Uingereza iliweka programu ya mahesabu iitwayo Horizon kuanzia 1999, iliyotengenezwa na Fujitsu. Programu ikaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi wa matawi zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika. Mahakama zilichukulia kwamba kompyuta inasema kweli mpaka ithibitishwe vinginevyo, na msimamizi wa duka la kijijini hakuwa na namna ya kuthibitisha. Bunge lilifuta nyingi kati ya hukumu hizo kwa sheria mwaka 2024. Horizon haikuwa akili mnemba. Ilikuwa daftari lenye makosa, lililopewa heshima ambayo binadamu alinyimwa.

Pingamizi mbili zenye uzito

Mtu makini atanipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza: Kongo ndiyo nchi ambayo mashine ingeleta nafuu. Afisa wa bariere anadai chake, karani anaficha faili, hakimu anangoja bahasha. Mashine haili rushwa. Hoja hii ina ukweli ndani yake na siidharau, kwa sababu mwananchi aliyechoka kutoa fedha kila baada ya kilomita chache ana haki ya kutamani kitu kisichokula. Lakini tumeona kwenye lebo kwamba mashine hula kile inacholishwa. Mla rushwa wa bariere anaonekana, anajulikana kwa jina, anaweza kushtakiwa kwa mkubwa wake au kuaibishwa barazani. Rushwa iliyoingizwa kwenye hifadhidata inavaa joho la ukweli. Tukitaka mashine itusaidie dhidi ya ufisadi, sharti la kwanza ni kuwa na watu wa kuikagua walio karibu na ardhi.

Hoja ya pili: nimechanganya daftari, lebo na programu za posta na akili mnemba, na hivi si kitu kimoja. Ni kweli. Akili mnemba ina jambo jipya, na jambo hilo linazidisha uzito wa hoja yangu. Daftari la pamba lilikuwa na kanuni: mtu mzima mmoja, shamba la ukubwa fulani. Aliyeweza kusoma aliiona kanuni hiyo, hata kama hakuweza kuibadilisha. Mfumo wa akili mnemba hujifunza kwa mifano mingi mno, na mara nyingi hata mhandisi aliyeujenga hawezi kuonyesha kwa nini umemkubali huyu na kumkataa yule. Mahali pa sababu panabaki kiwango tu. Tena mifano hiyo imetoka kwingine. Maandishi mengi ya Kiswahili yaliyomo kwenye intaneti yametoka Tanzania na Kenya, na Kiswahili cha Kasongo, chenye matamshi na msamiati wake, kimo humo kidogo sana. Mfumo utakaompima mtu wa Maniema kwa mkopo, kwa bima au kwa msaada wa chakula utampima kwa kumlinganisha na watu wasiofanana naye.

Kwa hiyo akili mnemba inaongeza hatua moja kwenye ule mnyororo wa zamani. Msimamizi wa pamba aliweza kusema si yeye aliyeamua. Kesho hata aliye juu kabisa ataweza kusema hivyo, na atakuwa anasema kweli.

La kudai

Sheria zimeanza kuliona hili. Kenya, katika sheria yake ya kulinda data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake. Tanzania ilipitisha sheria ya taarifa binafsi mwaka 2022. Kongo ilipata sheria yake ya mambo ya dijitali Machi 2023. Sheria hizi ni mwanzo mzuri, ila haki iliyoandikwa Kinshasa inapimwa Lusangi. Kwa hiyo naona mambo manne ya kudai kabla mfumo wowote wa kuamua maisha ya watu haujapelekwa kusini mwa Maniema.

La kwanza, pawe na mtu mwenye jina na kiti katika teritori, Kasongo kwa watu wa Kasongo na Kabambare kwa watu wa Kabambare, anayeujibia mfumo huo. Namba ya simu ya mji mkuu haitoshi. La pili, mtu huyo awe na uwezo wa kuutengua uamuzi, na apewe muda wa kufanya hivyo. Mtu anayesikiliza tu bila kubadilisha chochote ndiye ile kamati ya Forster. La tatu, sababu itolewe kwa Kiswahili ambacho mwenye kulalamika anakielewa. Mfumo usioweza kutoa sababu usiruhusiwe kumnyima mtu ardhi, chakula, kitambulisho wala kura. La nne, aliyekosekana kwenye hifadhidata asihesabiwe kuwa hayupo. Ushahidi wa chifu, wa imamu, wa mchungaji na wa majirani uendelee kuwa na nguvu, kwa kuwa ulikuwepo kabla ya kadi na haufutiki kama kadi.

Nawageukia pia waandishi. Tunazihitaji hadithi za kubuni kuhusu akili mnemba kwa Kiswahili, na tunazihitaji kutoka Kongo. Roboti lenye macho mekundu limekwisha kuandikwa vya kutosha. Bado haijaandikwa riwaya ya mchimbaji ambaye kompyuta ya ng'ambo imeamua kuwa chimbo lake halipo, ya binti ambaye alama za vidole vyake zimemfanya mgeni nchini mwake, au ya karani mwema anayeona uamuzi ni wa makosa na hana kitufe cha kuusahihisha. Mkangi aligeuza chombo cha kifo kikawa chombo cha kuufikia ulimwengu mwingine. Kazi ya fasihi ya namna hii ni kuwazoeza wasomaji kuuliza maswali sahihi mapema, wakati majibu bado yanaweza kubadilishwa.

Pamba ilipoletwa, mkulima wa Kasongo hakuwa na pa kuuliza, na iliwachukua watu miaka mingi kuondokana na amri ile. Machimbo yalipofungwa mwaka 2010, mchimbaji alisubiri nusu mwaka bila kuulizwa. RAM ilipoanza kukata yuniti, watu waliuliza kwa sauti moja, wakampata wa kujibu, na haikufika miaka miwili. Tofauti kati ya matukio haya haikuwa wema wa watawala wala ubora wa mitambo. Ilikuwa ni kama mlango wa kuuliza upo au haupo. Akili mnemba itafika Maniema, kwa simu, kwa benki, kwa mashirika ya misaada na kwa serikali yenyewe. Mlango huo ujengwe kwanza, mashine ije baadaye.